Kigoda cha Mkwe

Chuoni tulifundishwa kwamba nyumbani kwa mgonjwa hakuna dawa kama ndugu. Maneno hayo niliyakariri, nikafaulu mtihani, nikapangiwa Tukuyu. Mimi ni mtu wa Dodoma. Nilifika na sweta moja na vyeti, na kilichonisaidia zaidi ni sweta.

Kazi yangu ni msaidizi wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu anapima na kuamua. Mimi nawashika watu kiuno wasianguke. Wazee wananiita daktari, cheo ambacho sijawahi kukikataa kwa nguvu.

Mzee mmoja wa Kyimo alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Mkewe alishafariki. Mwanawe wa pekee, anayefanya kazi Dar es Salaam, alitoa amri kwa simu: akija mwisho wa mwezi akakuta baba bado hawezi kwenda chooni peke yake, anahama naye. Mzee aliniambia wazi kwamba anaogopa Dar kuliko kiharusi.

"Kule nitakaa ghorofani natazama ukuta. Migomba yangu nani ataiona?"

Asubuhi na jioni jirani wa rika lake alikuja kumwogesha na kumpeleka chooni. Mchana kutwa alikuwapo mke wa huyo mwanawe tu, akimpitishia chakula kwenye dirisha lililo karibu na kitanda. Vizuri sana, nikasema, ndugu si huyo hapo? Nikamwita kutoka jikoni.

"Dada, njoo nikuonyeshe. Unamshika baba hivi, kiunoni."

Alijifunika khanga usoni, akageuka, akatokomea migombani. Mzee naye akageukia ukutani kama aliyefumaniwa. Nilikasirika kwelikweli. Nikamalizia zoezi kwa sauti ya juu, ili aliyejificha huko asikie uvivu wake unavyohubiriwa: "Mgonjwa asipokuwa na sababu ya kuinuka, hainuki! Leo hatua chache, kesho aongeze!"

Jirani, aliyekuwa akiingia kwa zamu yake ya jioni, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Daktari, umemwambia mtu amkumbatie baba mkwe wake! Hawa wa mila za zamani, mkwe na baba mkwe hata kuangaliana hawaangaliani. Huyu akipita huku, yule anapita kule. Ndiyo heshima yenyewe."

Chuoni tulikuwa na mifupa ya mtu mzima ya plastiki, kamili hadi kidole cha mwisho. Hilo la wakwe, mifupa hiyo haikulitaja.

Ziara iliyofuata nilikuta dirisha limefungwa. Chakula, mbalaga ya ndizi na maharage, kilikuwa juu ya kigoda nje ya kizingiti. Mzee alikuwa ameshikilia mwimo wa mlango, jasho linamtoka, akinung'unika kwamba njaa haina adabu. Nilimgombeza jirani nikidhani ndiye aliyekiweka mbali, naye akainua mabega. Nilipokuja tena, kigoda kilikuwa katikati ya uwanja, chakula kimefunikwa beseni, maana mvua ya huku haipigi hodi. Hapo ndipo nilipoyatambua mahubiri yangu mwenyewe. Kigoda kilikuwa kinaelekea kwenye mparachichi, na nyuma ya mparachichi kuna choo.

Mwana alifika na gari la kukodi na begi tupu la kumfungashia baba. Nilikuwapo, na moyo ulinidunda kuliko siku ya mtihani. Mzee aliinuka kitandani. Alichukua fimbo, akavuta mguu mpaka mlangoni, akakata uwanja, akapita mparachichi, akaingia chooni na kufunga mlango. Alikaa humo muda mrefu, nadhani kwa makusudi.

"Daktari, umefanya kazi kubwa," mwana aliniambia, machozi yakimlengalenga.

"Mshukuru mkeo."

Alidhani ni unyenyekevu wangu. Begi likarudi garini likiwa tupu vilevile.

Mzee aliporudi, aliketi barazani akahema, kisha akanisemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Daktari, kuna mtu nisiyemwona. Mwambie asante. Ndaga fijo. Lakini mwambie pia mguu unauma, kile kigoda sasa kirudi mlangoni."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya kike ikatoka jikoni, ikimsemesha kuku.

"Wewe kuku, umesikia? Kesho kigoda kitakuwa kwenye migomba."