Tulivyokwenda Kariakoo kutafuta console ya taa za jukwaa, Paskalina akaipiga kama ngoma

Wakuu, hodi humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, leo na mimi nimwage ya kwangu. Yote nitakayosema nilikuwepo kwa miguu yangu, na mashahidi wapo Moro hadi leo. Mwenye chai na aivute karibu.

Ni miaka ile ya tisini. Biashara imefunguliwa, maduka yamejaa vitu tulivyokuwa tukiviona kwa waliotoka ng'ambo tu. Upande wa pili, viwanda vinauzwa kimoja kimoja. Cha kwetu pale Morogoro nacho kikapata mwekezaji, wengi wetu tukaambiwa ahsanteni kwa utumishi wenu.

Pale kiwandani tulikuwa na kikundi cha maigizo na ngoma. Mimi nilikuwa fundi umeme, kwa hiyo taa za jukwaa zilikuwa chini yangu. Wakati wa kuagana tukapewa zile taa tuondoke nazo.

Shida ikabaki moja: console. Kwa wasioijua, ni ile mashine anayokaa nayo mtu nyuma ya watazamaji, ndiyo inaamua taa ipi iwake na iwake kwa nguvu gani. Ya kwetu ilishaungua.

Kiongozi wetu, Mzee Kibwana, akatuita mimi na Paskalina. Huyu Paskalina alikuwa mpiga ngoma na mtunza fedha wa kikundi. Mikono yake ilikuwa haitulii, hata mezani alikuwa anagonga sahani.

"Wanangu, nendeni Dar," mzee akasema. "Kijijini Mkuyuni wanasubiri onyesho letu. Tukiboronga kule, kila mtu atafute shughuli nyingine."

Hakuwa anatania. Disko na vibanda vya video vilikuwa vimetumalizia watazamaji.

Basi, tukaenda. Kariakoo tukazunguka mpaka tukaangukia duka la bwana mmoja mchangamfu, ana spika mpaka barabarani. Akatutolea boksi jipya, linang'aa, akaliunganisha na taa za dukani na redio. Wakuu, taa zikaanza kurukaruka kufuata muziki zenyewe! Paskalina akapiga makofi.

"Ndiyo hii hii!"

Mimi nikamuuliza yule bwana, "Inaweza kuwasha taa polepole?"

"Kaka, Dar hii nani anataka polepole?"

Sasa sikilizeni. Mchezo wetu ulikuwa na mama anayemsubiri mwanawe usiku kucha, na mwanawe anaingia jua likichomoza. Huwezi kuchomoza jua kama tochi ya mgambo! Tena boksi lenyewe lingekula budget yote, tusibakiwe hata na ya kukodi jenereta.

Paskalina hakunielewa. "Na vijana je? Wamezoea disko. Ukiwawekea mama anasubiri kukuche, wanakuachia viti vyako."

Na hapo alikuwa na point. Ndiyo maana tulibishana sana. Wateja wengine wakaacha kununua, wakasimama kutusikiliza.

Muuzaji akaona atatukosa wote wawili. Akaingia stoo, akatoka na mashine kuukuu iliyokuja na kontena la mitumba, vumbi tupu, imechubuka pembeni. Ina mstari wa swichi za kusukuma juu na chini, na chini ya kila swichi kuna kitufe.

Akaiunganisha na zile taa za dukani, nikasukuma swichi moja. Taa ikaanza kama kaa la moto, ikawa njano, ikaja ikawa nyeupe kabisa. Nikarudisha chini, ikafifia kwa heshima zake. Nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Swichi moja ilikuwa imekufa, lakini hiyo ikatusaidia kwenye bei.

Paskalina alikuwa amenuna. Akabonyeza kitufe, kama mtu anayetaka kuonyesha kuwa hakitafanya lolote.

Taa ikapiga pwaa! Akabonyeza kingine. Pwaa!

Akaweka mkoba chini. Akaleta mikono yote miwili.

Wakuu, yule dada akaanza kuipiga ile mashine ngoma. Ngoma yetu ile ile, kwa vidole, na taa zinacheza ukutani! Muuzaji akazima redio mwenyewe. Wateja wakaanza kupiga makofi, mama mmoja mwenye kapu akatia kigelegele.

Paskalina akanigeukia, jasho linamtoka. "Lipa, kaka. Kabla hajabadilisha mawazo."

Mwenye fedha ni yeye, lakini ananiambia mimi nilipe! Tulicheka mpaka kituo cha basi.

Mkuyuni walijaa. Giza lilipoingia tukawasha jenereta, mchezo ukaanza. Ilipofika pale pa mama, nikasukuma taa taratibu, taratibu. Uwanja kimya. Katikati ya kimya kile mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumekucha!" Hakuna aliyemcheka. Wengi walikuwa wanafuta macho.

Halafu zikaja ngoma. Nikampisha Paskalina kwenye console. Vijana waliokuwa wamekaa nyuma na mikono mfukoni wakavamia mbele, vumbi likapanda!

Tulipomaliza akaja bibi mmoja aliyeshuka na mumewe kutoka milimani kuleta ndizi sokoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na mimi nijaribu."

Paskalina akamshika mkono, akauweka kwenye swichi. Bibi akasukuma. Taa ikampata mumewe, aliyekuwa anakatiza jukwaani kutafuta kofia yake. Babu wa watu akaduwaa.

"Usinisimamie hapo," bibi akapaza sauti, "cheza!"

Na babu akacheza. Mabega kwanza, kisha miguu. Wapiga ngoma wakarudi mbio kwenye ngoma zao. Bibi hakuutoa mkono kwenye ile swichi, na hakuna aliyethubutu kumwambia imetosha.

Wanaojiandaa kuniuliza kama nilimuoa Paskalina: hapana, alichukuliwa na mwenye jenereta tuliyokodi.

Nilichojifunza: ukiwa na budget ndogo, usimuulize muuzaji kipya ni kipi. Nenda na kazi yako mkononi, ijaribu palepale dukani, na uende na mtu mnayebishana naye.

Haya, watu wa bendi, kwaya na ma-DJ, nyie mlinunua nini mkaponea chupuchupu? Na kama kuna mtu wa Mkuyuni aliyekuwepo, ajitokeze anitajie jina la yule babu.