Kadi ya Mkate Iliyomtoa Warda Darasani

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Khairiya Awadh anakata mkate mbele ya Kidato cha Tatu, katika shule moja ya kisiwani, karibu na Utende. Kipande kisichozidi kiganja, anawaambia, ndicho kilichokuwa chakula cha mtu kwa siku nzima wakati wa vita. Leo hakuna anayecheka. Mwenzao Warda hajaonekana darasani kwa siku sita.

Khairiya, 34, anafundisha historia: wanafunzi sitini na wawili, vitabu vinne. Vitabuni, Vita vya Pili vya Dunia ni tarehe na majemadari. Yeye anataka wajue Wayahudi waliishije baada ya Wanazi kuwafungia katika geto, mitaa iliyozungushiwa ukuta kule Warsaw, Poland. Walipika nini, watoto walisoma wapi kwa siri. Mkate ulitolewa kwa kadi, na zipo familia zilizoficha msiba ili kadi ya marehemu isichukuliwe.

Kisiwani hilo halimezeki. Hapa mtu akifa msikiti unatangaza, na kabla sanda haijakatwa ua umeshajaa majirani.

Wiki iliyopita aligawa kwa kura kadi za maigizo, kila moja na mtu wa getoni na uamuzi wake. Warda akapata ya mama aliyefiwa na mtoto: atangaze, apoteze kadi ya mkate, au anyamaze, waliobaki wapate kula. Mdogo wake Warda alizikwa miezi miwili iliyopita, na Khairiya alikuwepo matangani.

“Niliiona mkononi mwake, nikasema kura ni kura,” anasema. “Ulikuwa ujinga wangu.”

Zamu yake ilipofika, Warda alinyamaza. Mmoja nyuma akasema ameficha maiti, darasa likaangua kicheko, binti akatoka mbio.

Mkuu wa shule amemshauri Khairiya aifute kadi hiyo. Nusura akubali. Lakini jana alikwenda kwa Mwanahalima, mama yake Warda, mkulima wa mwani, kumwomba radhi. Mama huyo alitaka kwanza asimuliwe habari zote za geto. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akasema polepole:

“Mimi mwanangu nilimlilia, watu wakanishika. Yule mwenzangu wa getoni alimeza kilio, ili wenzake wapate kula. Hao waliocheka waambie, mwalimu, hata mimi ningenyamaza.”

Khairiya ameamua kadi ibaki, ila kura hapigi tena. Jumatatu anataka kuyarudia maneno hayo mbele ya darasa zima, Warda akiwa amekaa pale pale.

Jana Warda aliyasikia yote ya mama yake akiwa mlangoni kwao. Hakusema kama atakuja.