Moto yenye akili ilikataa kusimama ku mteremko ya Lubunga

Bakubwa ba humu, jambo yenu. Nitaandika polepole, shule nilifika ya ine primaire tu, na kidole yangu iko kubwa kwa hii telefone. Lakini uongo hakuna. Mwenye alikuwa pale ku maji siku ile anikosoe.

Miye iko motard, mutu wa moto, ni kusema pikipiki. Mbele nilikuwa wa toleka, kubeba batu na kinga, ile baiskeli, njo maana miguu yangu iko migumu hivi. Kisha nikapata moto ya kick. Ya zamani, haina akili hata kidogo. Ukikanyaga frein, ile breki, mupira ya nyuma inafunga. Basi.

Bon, bokilo wangu, bwana ya binti yangu Feza, akanunua moto ya kisasa. Vitaa mbele sawa ndege ya kiwanja ya Bangboka. Ananiambia: "Papa, hii inashika frein yenyewe. Haitelezake."

Nikamujibu: "Basi na ikutafutie client pia."

Tunaishi wote Lubunga, ng'ambo ya mto. Asubuhi moja, mvua imetoka kunyesha, Feza anakuja mbio na mutoto mugongoni. Miezi saba. Homa, anatetemeka mpaka macho inageuka. Hospitali iko ng'ambo ile, mujini. Bokilo iko ku kazi, moto yake ameacha ku nyumba, na moto yangu iko kwa fundi, chaîne, ule munyororo, ilikatika. (Ndiyo, ya zamani pia inakatikaka. Sikatai.)

"Papa, kamata ya baba mutoto!"

Nikakamata, Feza na mutoto nyuma.

Kufika ku pirogue, ile mutumbwi ya kuvuka, kuko mteremko ya udongo mwekundu. Siye bazee tuko na namna yetu pale: unakanyaga frein ya nyuma, mupira inafunga, moto inaserereka kando, unashusha muguu, umesimama mbele ya maji. Miaka yote ni vile.

Nikakanyaga.

Chini ya muguu nikasikia tak-tak-tak, sawa mutu anagonga mulango. Mupira haifungi. Inashika, inaachilia, inashika, inaachilia. Na siye tunashuka tu.

Nikakanyaga na nguvu yote. Tak-tak-tak.

"Papa, frein!"

"Si njo niko nakanyaga!"

Mbele yetu mama moja na beseni ya kwanga, mikate ya muhogo, ku kichwa, anatupa mugongo. Nyuma yake, maji.

Mukono wangu ya kushoto haikuniuliza. Ilienda ku clé, ule ufunguo, ikazima. Vitaa vyote vikakufa. Hapo muguu ikapata frein ya kweli, mupira ikafunga, tukalala kando, tukaserereka... tukasimama. Mupira ya mbele ndani ya maji. Yule mama hata hakugeuka.

Mutoto akalia. Sijapata kupenda kilio hivi.

Mwenye pirogue akapiga kelele: "Eh papa! Tulikuwa tunakungojea, haikuomba uje mbio vile!" Batu bakacheka. Tukapanda, tukavuka mpaka hospitali.

Ilikuwa malaria. Bakamuchoma sindano, mangaribi akanyonya.

Bokilo akaniuliza: "Papa, ulifanya nini moto yangu?"

"Niliizima akili, njo ikanisikia."

Bakubwa, ku goudron, barabara ya lami, ile kitu iko muzuri, nasema kweli. Kosa ilikuwa yangu pia: nilipanda moto yenye sijui, na desturi ya ingine. Mbele ya kubeba mutu, shuka nayo kwanza peke yako ku udongo, ujue itafanya nini.

Feza sasa akija na mutoto anauliza kwanza: "Papa, ni ile ya bujinga?"

Nikisema ndiyo, anapanda.

Alors bamotard ba Kabondo, ba Isangi, ba kila fasi: nyinyi ku matope munasimamaka aje? Semeni. Mwenye anataka kunicheka, acheke, lakini ashuke kwanza ile mteremko.