Nilipimwa Tumbo kwa Jina la Wifi Yangu

Nesi aliniambia mtoto ameacha kukua, na mimi nikaanza kumlilia mtoto wa mwenzangu.

Usicheke kwanza. Ngoja nikupe mkasa mzima.

Mwaka 2014, Kagerankanda kule Kasulu. Mimi Mwajabu nilikuwa na mimba ya nne. Yasmini, mke wa kaka yangu Saady, naye alikuwa na yake, tumepishana wiki moja tu. Mbili za mwanzo zilimtoka, kwa hiyo hii aliibeba kama yai.

Wakaja watu wa utafiti. Walitaka kujua kwa nini watoto wengine wanadumaa wakiwa bado tumboni. Mhudumu wa afya wa kijiji akaandikisha wajawazito waliowahi kuharibikiwa mimba, Yasmini akiwemo. Kila wiki mbili nesi wao, Maximilla, mgeni kabisa kwetu, anakuja zahanati na futi ya fundi cherehani, anapima tumbo, anajaza kadi.

Kijijini likazuka neno. Eti tumbo likishapimwa na ile futi linasimama hapo hapo, halikui tena.

Yasmini akaogopa hadi chakula hakipiti. Na asipokwenda, watamfuata nyumbani.

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia, "Wifi, lete kadi. Nakwenda mimi. Tumbo langu halijawahi kuniangusha."

Watatu wangu wote walizaliwa vibonge, nyie. Kliniki yenyewe nilikwenda mara moja tu.

Mara ya kwanza, sentimita ishirini na sita. Maximilla akatabasamu. Mara ya pili, ishirini na nane. Yasmini akisikia namba anafurahi kana kwamba ni zake.

Mara ya tatu, ishirini na nane.

Mara ya nne nesi alipima, akarudia, akamwita mwenzake naye akapima. Ishirini na nane ile ile. 

"Yasmini," akaniambia, "mtoto wako ameacha kukua. Kesho gari linakupeleka hospitali. Ukichelewa unampoteza."

Nilitoka pale nikashika njia ya kwa Yasmini. Njia nzima naomba Mungu. Nitamwambiaje Yasmini? Mimba ya tatu hii, si atachanganyikiwa?

Nilimkuta anapepeta maharage. Nikamweleza yote, machozi yananitoka.

Hakulia. Alinitazama usoni, kisha akatazama tumbo langu.

"Wifi," akasema taratibu, "lililopimwa ni lako."

Jamani. Nikakaa chini palepale kwenye maganda.

Hivi mwanangu alicheza lini mara ya mwisho? Jana? Juzi? Sikumbuki. Nikaweka mkono tumboni, nikasubiri. Yasmini naye akaweka wake. Tulisubiri mpaka maharage yakaloa jasho letu, ndipo mtoto akacheza mara moja, kidogo mno.

Asubuhi gari lilipokuja kumchukua Yasmini, tulipanda wote wawili. Njiani nikamkiria Maximilla, aliyekuja na gari, kwamba aliyekuwa akimpima ni mimi. Alifoka, maana nilikuwa nimemharibia kazi ya wiki sita. Kisha akanitazama.

"Wewe hukuwemo kwenye orodha," akasema. "Ungekuwa mkweli, nani angekupima?"

 

Hospitali wakaona kondo la nyuma halimlishi mtoto vya kutosha. Wakanilaza wiki mbili wakimchunguza kila siku, na kila walipotafuta mapigo ya moyo mimi nilikuwa naacha kupumua. Halafu wakanipasua. Msichana, kilo moja na nusu. Nilimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki tano, naogopa hata kupiga chafya.

Yuko hai. Yasmini alipimwa siku ile ile tuliyofika hospitali, tumbo lake halikuwa na tatizo lolote, na mtoto wake alizaliwa vizuri.

Kijijini mpaka leo wapo wanaosema futi ndiyo iliyomsimamisha binti yangu. Hapana. Alikuwa amesimama, na mimi mama yake nipo bize kumwonea huruma mwenzangu.

Dada yangu, hata iwe mimba ya kumi, peleka tumbo lako lipimwe. Kwa jina lako.