Bomba la Hewa la Pikapu ya Bishaar

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dereva Bishaar yuko Dubai. Niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba kesho Garissa kutakuwa na joto. Habari yenyewe ilisema hivi: pikapu yake, baada ya kufungwa bomba jipya la hewa, ilishika kasi isiyo ya kibinadamu, ikavuka mpaka wa nchi huku askari wakidhani ni kimbunga cha vumbi kinapita, ikaenda mpaka pwani ya Somalia. Huko sheikh mmoja akaipenda sauti yake, akaipandisha melini pamoja na dereva wake, na sasa Bishaar anamwendeshea magari ya mashindano mchangani. Watu waliongeza kwamba amenenepa. Mimi nikaongeza kwamba ana meno mawili ya dhahabu, maana bila dhahabu niliona Dubai haijakamilika.

Vijana wa gereji za hapa Iftin, mjini Garissa, huniuliza habari za kazi yetu ya zamani, na hasa habari za mabomba ya hewa, kwa sababu siku hizi kila mwenye pikapu ya turbo anataka kubadilisha lake. Basi nitawaeleza tangu siku ya kwanza.

Siku ya kwanza nilifika gerejini nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali ya kukata nyama. Nilikuwa nimemaliza ngumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, na cheti kilikuwa mfukoni. Mifugo ya baba yangu ilikuwa imekwisha kwa ukame, kwa hiyo cheti ndicho kilichokuwa ngamia wangu wa pekee. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye mikono mipana kama sufuria, alinitazama kutoka chini ya lori.

"Warya, kijana, shati hii umekuja kuoa?"

"Hapana, Fundi Mkuu. Nimekuja kazi."

"Haya, fungua boneti. Nionyeshe gari inapumua wapi."

Nikazunguka nyuma nikamwonyesha ekzosi. Alicheka mpaka akashika tairi asianguke.

"Hiyo ni mahali inatoa! Wewe, hiyo shule ya jioni walikuwa wanakufundisha ama mlikuwa mnalala?"

Alinifundisha yeye. Injini, alisema, dizeli kwake ni chakula tu, lakini hewa ndiyo uhai. Hewa ya moto ni nyepesi, imetawanyika. Hewa ya baridi imeshikana, kwa hiyo kila pumzi moja ya baridi ina nguvu zaidi. Ndiyo maana watu huondoa bomba la kiwandani na kuweka jingine pana, lenye kona chache, linalovuta hewa kutoka nje badala ya kuvuta ile iliyokwisha kupikwa chini ya boneti. Ukichagua bomba, usitazame rangi wala kung'aa. Tazama linavuta hewa kutoka wapi, na chujio lake limekaa ndani ya nini. "Ngamia akiona vumbi anafunga pua," aliniambia. "Gari haina akili hiyo. Pua yake ni wewe."

Kutoka Iftin nilipelekwa Hagadera, kambini kwa wakimbizi, kwenye karakana ya malori ya kubeba maji. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa Usafiri, mtu wa viatu vilivyong'arishwa katika mahali ambapo hata mate yalitoka na mchanga. Huko ndiko nilikolijua vumbi. Siku moja nilifungua chujio nikatoa mchanga wa kutosha kujenga choo na kubakisha wa kupiga plasta. Mikokoteni ya punda ilitangulia, malori yakafuata, na wingu lilisimama juu ya barabara kama nyumba.

Afisa Usafiri hakuruhusu lori lolote kutoka bila snokeli, lile bomba linalopanda kando ya kioo mpaka juu ya paa, ambako hewa ni safi kidogo. Chujio lilikaa ndani ya sanduku lililofungwa, lenye mpira ukingoni. Alinifundisha pia mtihani wa grisi: unapaka grisi nyembamba ndani ya bomba, upande wa pili wa chujio, gari likatembee, likirudi unapitisha kidole. Grisi ikikwaruza, vumbi linapita. Vumbi linalopita hula kwanza mapanga ya turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, halafu ringi za pistoni, na injini hufa huku kwa nje inapendeza.

"Dereva atakwambia gari limekuwa zito," alisema Afisa Usafiri. "Usimkatize. Mwambie akae chini, kisha ufungue chujio."

Halafu nikaenda Rhamu, kaskazini karibu na Mandera, na hapa ndipo vijana huacha kutafuna na kusikiliza.

Karakana ya Rhamu ilikuwa ya tajiri mmoja wa miraa. Yeye mwenyewe hatukumwona sana. Aliyetuamrisha alikuwa Msimamizi, mwenye simu mbili na subira isiyojaza kijiko. Pikapu zilipokea miraa El Wak na kuileta Rhamu na Mandera, na miraa, kama mjuavyo, ikichelewa ni majani ya mbuzi. Mwaka huo hata mbuzi wa kuyala hawakuwepo. Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu. Mizoga ililala kando ya barabara, ngozi imekauka juu ya mifupa, na fisi walikuwa wameshiba hata hawakujisumbua kuondoka gari lilipopita. Wenye vishamba vya mtoni Daua tu ndio waliokuwa na kitu cha kijani.

Bishaar alikuwa mmoja wa madereva. Kijana mrefu, mchekeshaji, mwenye mazoea ya kuimba kwa sauti mbaya mno hata tulimwomba aende kazini mapema. Ngamia wa nyumbani kwao walikuwa wamekufa karibu wote. Waliobaki alikuwa nao kaka yake Hassan, mbali malishoni. Mama na wadogo zake walikula kwa usukani wa Bishaar, basi. Na usukani wenyewe ulikuwa unamponyoka: dereva mwingine alikuwa akimtangulia kila mara, na Msimamizi alimwambia mbele yetu sote, "Ukifika wa pili tena, funguo nampa yule. Mimi sina undugu na gari."

Akaja kwangu mchana huohuo, akaniita adeer, yaani ami, kwa heshima ya umri.

"Adeer, nipatie pumzi. Gari yangu ina pumu."

Nilimwekea mabomba mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa snokeli na sanduku lake lililofungwa. Huongeza nguvu kidogo, huweka hewa safi, na kwa sura ni kama ndovu aliyekosa usingizi. La pili lilikuwa fupi, linang'aa kama kioo cha bi harusi, na mwishoni lina chujio la pamba lenye umbo la pia, jekundu, lililo wazi. Hili huvuta hewa nyingi sana, na likivuta hunguruma. Lakini linakaa chini, nyuma ya taa, mahali ambapo vumbi la gurudumu hufika kabla ya hewa. Pamba yake inataka mafuta maalumu: yakizidi yanachafua sensa, kile kifaa cha kupimia hewa, yakipungua vumbi linapita.

Tulilifunga kwanza lile jekundu kwa majaribio. Bishaar alikanyaga mafuta, na nawaambia, kuku wa Rhamu nzima waliacha kutaga. Pikapu iliruka. Alishuka akinikumbatia.

"Hii, adeer! Hii ndiyo!"

"Na vumbi?"

"Vumbi nitaifunga maawis."

Hiyo ilikuwa desturi ya madereva wa njia zile. Dereva alichukua maawis yake, kile kikoi cha kujifunga kiunoni, akakizungushia chujio, na vumbi likizidi akakilowesha maji. Kitambaa kibichi kinashika vumbi na, walisema, kinaipoza hewa kabla haijaingia. Si uongo wote. Kwa mwendo mfupi kinafanya kazi vizuri ajabu, nami nilikiona kwa macho yangu. Lakini kitambaa kibichi kikishiba vumbi kinakuwa udongo, udongo ukikauka unakuwa chungu, na injini haiwezi kupumua kupitia chungu. Hapo inataka kitambaa kifuliwe, na kufua kunataka maji.

Nikamwambia, "Chukua snokeli, Bishaar. Utafika."

Msimamizi alikuwa mlangoni. "Atafika wa ngapi?"

Bishaar alitazama lile bomba jekundu, akamtazama yule ndovu wangu, akacheka. "Adeer, hiyo nitafunga siku nikiwa mzee kama wewe." Nikamkatia bati la kukinga joto la injini, nikaziba maungio kwa klipu mbili mbili, nikampa chupa ya mafuta ya pamba. Wiki ile alifika wa kwanza kila safari. Mama yake alinitumia maziwa kidogo kwenye kibuyu, na katika ukame ule maziwa yalikuwa kitu cha kumfanya mtu mzima anyamaze.

Halafu barabara kuu ikapata habari mbaya, zile habari za watu wenye bunduki ambazo huku hatuulizi mara mbili. Madereva wakaanza kupita msituni, njia zisizo na alama, zenye vumbi laini kama unga wa ngano, linalofika katikati ya gurudumu. Yule mshindani wake alikataa kutoka. Bishaar alikwenda El Wak, akapakia, akageuza.

Hakufika Rhamu.

Tulitafuta. Pikapu nyingine zilipita njia zote zilizojulikana, lakini upepo ulikuwa umefuta kila alama. Siku zilivyoendelea Msimamizi alianza kusema Bishaar ameiba gari na kuliuza ng'ambo. Alisema hivyo sokoni, alisema hivyo nje ya msikiti, mpaka mama yake Bishaar akawa hawezi kununua hata chumvi bila mtu kunong'ona. Familia ikahama. Ndipo ile habari ya Dubai ikazaliwa, sijui kinywani mwa nani, na mimi niliipokea kwa mikono miwili. Kati ya kijana mwizi, kijana aliyepotea na kijana mnene mwenye meno ya dhahabu, ningechagua yupi?

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo. Nilibadilisha turbo zilizoliwa mpaka zikabaki kama meno ya babu, nikazika injini nyingi kuliko sheikh alivyozika watu. Macho yalipoanza kunionyesha spana moja kama mbili, nikarudi Iftin na kustaafu. Kustaafu ni kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu mkubwa wa kazi ni mke wako. Kwa hiyo asubuhi hukaa karibu na wauza maziwa, na vijana huniletea simu zao zenye picha za mabomba. "Mzee, hili je? Na hili?" Huwaeleza yote niliyoyaeleza hapa: sanduku, mpira, mahali pa kuvutia hewa, mtihani wa grisi. Wananisikiliza kwa adabu. Kisha naongeza habari ya Bishaar ili kuwafurahisha, na naona macho yao yanarudi kwenye picha ya lile jekundu.

Juzi kijana mmoja, Yusuf, alikuwa na pikapu mpya na kazi ya kubeba miraa. Alikuwa amekwisha kuchagua.

"Mimi nataka ile ya Bishaar," alisema. "Ile ya Dubai."

"Ile ilinguruma," nikamwambia, "mpaka kuku..."

"Bishaar yupi?" aliuliza mama mmoja muuza maziwa nyuma yetu. Alikuwa mgeni pale, hana muda mrefu Iftin. Alikuwa ameshika kikombe cha kupimia, hakimimini.

"Bishaar wa Rhamu, walaal, dada yangu. Dereva. Yuko kwa sheikh, Dubai. Amenenepa, ana..."

"Aliyefunga hiyo bomba ni wewe?"

"Ni mimi."

Aliweka kikombe chini. "Mimi ni Fadumo. Bishaar ni ndugu yangu, tumbo moja."

Nilifurahi, wallahi. Nilisogea kumpisha kiti, nikamuuliza kama huwa anapiga simu, kama ameoa huko. Vijana walicheka kwa furaha, na Yusuf akatoa simu yake aandike namba.

Fadumo alingoja mpaka tukanyamaza. Hakukasirika. Alizungumza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mvua iliponyesha, Hassan alipeleka ngamia mbali, mahali watu hawaendi. Akaona pikapu. Miraa ilikuwa bado iko nyuma, imekuwa vumbi. Boneti iko wazi. Maawis imekauka kwa ile bomba mpaka Hassan aliivunja na jiwe. Mitungi ya maji zote zilikuwa pale mbele ya gari, chini ya hiyo bomba, tupu."

Yusuf aliuliza, kwa sauti ya mtoto, "Na yeye?"

"Hakwenda Dubai," Fadumo alisema. "Maji ya kunywa aliipatia gari. Alikufa na kiu, na Hassan alimzika hapo hapo."