Sadalla, Mtafsiri wa Picha za Kichina

Sadalla hatulii. Hata kwenye banda la video pale Mpanda mjini, ambako kazi yake ni kutafsiri picha za Kichina huku watu wakitazama, husimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, mara aende mbele, mara arudi nyuma, mpaka waya umzunguke miguuni. Kichina chenyewe hakijui. Anaangalia midomo inavyocheza, basi anatunga, na wahusika anawapa majina ya wateja walioketi mbele yake. Wakulima wa Mwamkulu hulipa kiingilio ili wajione. Humo bandani ameshawaoza wengi na kuwapatanisha wengi.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mwanaiddi, muuza karanga wa mlangoni, Sadalla anampenda miaka nenda rudi, na hajawahi kumwambia zaidi ya "nipimie za mia mbili". Wiki hii sokoni kote wanasema Bashiru, mnunuzi wa mpunga kutoka Mamba, anapeleka posa Ijumaa. Leo ni Alhamisi. Tangu asubuhi Sadalla ameshindwa hata kumaliza chai.

Picha ya leo ni ya kuchekesha. Mwanamke wa ghorofani anaandika hadithi, na kila akigusa kalamu, chizi mmoja huko chini barabarani anajikwaa. Chizi anashtuka kwamba kumbe yeye si mtu, ni wa kutungwa tu. Anachukua ngazi, anapanda mpaka dirishani kwa yule mama akamwombe maisha mengine.

Hapo Sadalla uzalendo ukamshinda. Akampa chizi jina lake mwenyewe, na mwandishi akamwita Mwanaiddi.

"Mwanaiddi," chizi alisema kwa sauti ya Sadalla, "usimkubali Bashiru. Niandike mimi."

Banda zima likageukia mlangoni. Kwenye picha mwanamke alifunga dirisha kwa kishindo, na ngazi ikaanguka na mtu wake.

"Anasema subiri kwanza, anavaa," Sadalla alitafsiri harakaharaka, jasho likimtiririka.

"Acha uongo wewe," alisema Gabrieli, mkulima asiyekosa picha hata moja. "Si amekukataa huyo?"

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mwanaiddi aliingia na ungo wake wa karanga, akasimama katikati yao. Yeye hakucheka.

"Sadalla, zima hiyo picha," alisema. "Sasa sema wewe."

Akazima. Hakukuwa tena na midomo ya kuitazama, wala mtu wa kujificha nyuma yake. Aliogopa kwelikweli, na miguu yake, ambayo haijui kutulia, ikaganda.

"Mwanaiddi," alisema mwishowe, "mimi Kichina sijui."

"Hilo nalijua toka zamani." Aliweka ungo chini, akakaa kwenye benchi la mbele. "Endelea."