Kwenda Natta Kufuata Magome

Sababu ya safari ilikuwa mguu wa Chacha, mume wangu. Jiwe lilimkata chini ya goti huko machimboni, na kidonda kikawa kinafunga juu huku chini kinatunga usaha. Aliyekuwa anamtibu ni mimi. Nilifungua vidonge vya rangi mbili, unga wake nikaunyunyizia kwenye kidonda, kama tunavyofanya wengi hapa Kerende. Nilitaka kumlaumu muuza duka la dawa, lakini niseme haki: alituambia vimezwe, na vimezwe vyote. Sisi tuliona kidonda kiko nje, basi dawa nayo ikae nje.

Harufu ilipoanza kujaa chumbani, nikakumbuka magome ya bibi yangu kule Natta. Alikuwa na mti nyuma ya zizi, gome lake kali kama pilipili. Alilichemsha na kuosha vidonda vya watu na vya ng'ombe, vikapona, nimeona. Nikachukua kiroba.

"Mama Bhoke, unaleta gome au mti mzima?" Chacha akauliza.

"Wewe kaa na mguu wako."

"Nitakaa nao. Sijui kama utaukuta."

Hakucheka, wala mimi.

Saa mbili asubuhi nilipanda pikipiki hadi Nyamongo, kisha gari la Mugumu. Kwenye daraja la Mto Mara maji yalikuwa mazito ya udongo. Mara ya mwisho navuka kuelekea kwetu, bibi alikuwa hai. Ng'ambo nikaanza kuona migunga, mashamba ya ulezi, na harufu ya mvua juu ya samadi ikaingia dirishani. Macho yakanijaa maji. Sijui kama ilikuwa furaha au njaa, maana nilikuwa sijala.

Saa nane nilifika Natta. Mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama yangu, alikuwa anapepeta ulezi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ni hilo gauni?"

"Ni barabara, mama."

Nilipomweleza nilichofuata, akanipeleka nyuma ya zizi. Mti ulikuwa umesimama mkavu, umechunwa pande zote. Bibi alikuwa anabandua kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja tu, halafu anapakaza kinyesi cha ng'ombe pale palipochunwa.

"Walikuja watu na magunia," mama mdogo akasema. "Sikuwakatalia. Nao walikuwa na wagonjwa wao."

Nikakikunja kiroba changu mpaka kikawa kidogo.

Jioni, tukila, akaniuliza mume wangu ametumia dawa gani. Nikasema ukweli wote.

"Kwa hiyo na magome ungeyafanya hivyo hivyo. Leo unga, kesho umesahau."

Akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani yenye mafundo mawili. Niliijua kabla hajainyoosha. Kila mgonjwa wa bibi alipewa kamba, siku moja fundo moja, na dawa haiachwi mpaka kamba iishe, hata kama maumivu yameisha. Nilipokuwa mdogo nilifungua mafundo matatu kwa siku moja ili nikacheze. Kidonda kikarudi, na kovu ninalo. Sikuwahi kumwambia mtu. Usiku ule nikamwambia mama mdogo.

"Alijua," akasema. "Alipokufungia kamba upya tangu fundo la kwanza, ulidhani amesahau kuhesabu?"

Akaniwekea kamba mkononi. "Hii ni ya mwisho kuifunga, akijitibu mwenyewe. Alikufa yamebaki haya mawili. Chukua. Na mguu upeleke zahanati. Hata magome yangekuwepo, ningekwambia hivyo."

Kesho yake mchana nilikuwa Kerende, na jioni Chacha alikuwa zahanati. Nesi alikifungua kidonda, akakisafisha, akampa vidonge vya siku saba. Mbele ya mafundo ya bibi nikaongeza matano yangu.

"Sasa mimi ni ndama?" Chacha akasema, lakini alifungua.

Siku ya tano maumivu yaliisha. Akavifunga vidonge vilivyobaki kwenye karatasi. "Hivi tuweke akiba. Jiwe lingine litakuja."

Mimi si mtu wa kubishana. Nikamwekea kamba gotini. "Hayo mawili sikuyafunga mimi."

Akaikunjua karatasi, akaomba maji.

Kidonda kimefunga kutoka chini. Sitasema magome hayafai, maana yalitulea, wala sitasema vidonge ndiyo kila kitu, maana nilikuwa navyo na mguu ukaoza mikononi mwangu. Nilichojifunza ni kwamba nilikwenda Natta kufuata dawa, na dawa nilikuwa nayo nyumbani.

Fundo la mwisho lilikuwa gumu. Nililijaribu kwa kucha nikashindwa, Chacha akalifungua kwa meno. Nimeitundika kamba kwenye msumari wa mlango. Haina fundo tena, ila imebaki na vikunjo viwili pale bibi alipokaza.